Dirishani, Upande wa Kulia

Leo saa nne na nusu asubuhi niliacha mboga jikoni nikakimbilia simu. Ndege ya Mama ni kesho saa hiyo hiyo, na kuchekini mtandaoni kunafunguliwa saa 24 kabla. Binti yangu akanifuata na mwiko mkononi.

"Mama, lakini Bibi haoni tena. Siti ya dirishani ya nini?"

Nikamwambia akaangalie mboga.

Mwaka 2019 mimi habari za kuchekini kwenye simu sikuwa nazijua. Siti tuliifuata kaunta, na anayewahi ndiye anayechagua. Daktari alikuwa ameshatuambia ukweli: presha ya macho imeua jicho la kushoto, na la kulia limebaki kama la mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kilichopotea hakirudi. Dar tulikuwa tunakwenda kukiokoa kilichobaki. Treni hakuitaka tena. Zaidi ya kilomita 1,200 za reli, kwa mgongo ule, haiwezekani.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepanda ndege mara moja tu. Nilifika kaunta wa mwisho nikapewa siti ya koridoni, kushoto. Ndege ikapaa kuelekea kusini, Ziwa Tanganyika lote likapita kulia, nami nikaambulia vipande vipande katikati ya vichwa vya watu. Jambo lile lilinikaa moyoni. Mama ameuza dagaa Kibirizi, pale Kigoma, tangu sijazaliwa. Ziwa lile ndilo lililotusomesha, naye hajawahi kulitazama ila akiwa amesimama ufukweni. Nikaapa ataliona kutoka juu kabla jicho halijafunga. Na iwe kulia, maana ukimkalisha kushoto dirisha linaangukia upande wa jicho lililokufa.

Tulifika uwanjani mapema mno, hata lango halijafunguliwa. Mama akakaa juu ya boksi lenye dumu la mawese, akajifunika kanga, hakulalamika. Kaunta ilipofunguliwa tulikuwa wa kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kaka, naomba dirishani, kulia, nyuma," nikasema.

"Mbele bado zipo, dada."

"Naomba nyuma."

Ndege zile za pangaboi mbawa zake ziko juu ya madirisha, kwa hiyo bawa halikuzibii chini. Kinachoziba ni injini. Ukipangiwa safu za katikati utatazama chuma na magurudumu yanavyokunjwa. Kijana alimtazama Mama anavyopapasa ukingo wa kaunta, akaandika bila neno jingine.

Tulipopaa, Mama aligeuka mwili mzima akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Jicho lilikuwa linameza kidogo kidogo tu, basi akawa anasogeza kichwa taratibu, kulia, kushoto, chini, kama mtoto anayesoma herufi moja moja. Ndege ikainama upande wetu, na maji yakajaa dirisha zima.

"Vile vyeupe vidogo?"

"Mitumbwi, Mama."

"Na kule kunakofifia?"

"Milima ya Kongo."

"Kumbe ni karibu hivi." Akanyamaza. Pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa ncha ya kanga, akarudisha paji la uso palepale. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Mjomba wako alizama wapi?"

Mjomba alitoka na karabai usiku wa giza kuvua dagaa, mimi nikiwa darasa la pili, na katika mtumbwi ule hakurudi hata mmoja wa kutuhadithia. Tanganyika ina kina kinachopita mita 1,400. Likikuchukua huko mbali, wa nyumbani kwako wanabaki kulitazama tu. Mama alilitazama miaka yote ile huku akipima dagaa kwa kopo.

Nikaweka kidole kwenye kioo. "Pale."

Palikuwa maji tu, sawa na maji mengine yote. Akakipapasa kidole changu mpaka ncha, akaweka chake mahali palepale, nami nikautoa mkono wangu. Hakukiondoa. Ndege ilipokata kona ziwa likateleza nyuma yetu, miombo ikaanza, na kidole bado kiko kwenye kioo.

Dar alifanyiwa upasuaji, akaanza dawa za matone, na jicho likadumu miaka mitatu zaidi. Tuliporudi aliwaambia majirani kwamba ameliona kaburi la kaka yake, ni mahali pazuri, maji yametulia. Tangu hapo hajaniuliza tena habari za mjomba, na mimi sijamwambia kwamba nilionyesha tu. Pengine ningemwambia sijui. Kuna usiku nahisi anajua, na kuna usiku naogopa kwamba hajui.

Mtandao ulizunguka leo, ukazunguka, hatimaye ukafunguka: safu ya pili kutoka mwisho, dirishani. Nikatoka kibarazani. Mama alikuwa anachambua maharage kwa vidole, mawe anayaweka pembeni.

"Siti nimeipata, Mama."

"Ya kulia?"

"Ya kulia."

"Haya," akasema, akavuta ungo karibu.