Nilivyotengeneza kalkuleta ya integresheni na Python yenyewe bado ya kuungaunga

Dogo wangu yuko form six, PCM (fizikia, kemia na hesabu), na kila jioni ananiletea daftari, "kaka hebu nichekie hii integresheni", mimi mwenyewe nimeshasahau zote. Python (lugha ya kuandikia programu) nilikuwa ndo kwanza nina kama miezi miwili nayo, nikasema bora nimtengenezee kitu ajichekie mwenyewe nipumzike.

Nilidhani itabidi niandike kanuni zote kwa mkono, kumbe kuna laibrari ya bure inaitwa SymPy, unaandika integrate(x*cos(x), x) inakuletea x*sin(x) + cos(x), mstari mmoja tu! Dirisha nikatumia Tkinter maana inakuja na Python, ingawa kwenye kompyuta yangu ya Ubuntu iligoma mpaka nikainstoo python3-tk pembeni. Kisanduku cha kuandikia, batani moja, sehemu ya jibu, basi. Masaa mawili nimemaliza, najiona fundi.

Dogo akakaa, akaandika 2x. Erori. Python inataka 2*x, sasa nani shuleni anaandika hivyo? Nikachimba nikakuta parse_expr, kifaa cha SymPy cha kusoma maandishi kama hesabu, ukiiongezea implicit_multiplication_application inaelewa 2x, na convert_xor inafanya x^2 isomeke kama x**2, ndo Python inavyoandika x kipeo cha pili. Safi.

Akaandika sinx, hamna mabano hamna nafasi. Jibu likaja i*n*s*x**2/2. Tukaangaliana. Nimekaa na hilo jibu mpaka usiku ndo nikaelewa kwamba kile kitu nilichoweka kwa ajili ya 2x ndo kimeivunja sinx herufi moja moja, s mara i mara n mara x, halafu ikaintegreti zake kwa utulivu kabisa. Hili liliniuma kuliko erori zote, maana erori unaiona, ila jibu la uongo lililovaa vizuri unalinakili kwenye daftari. Nikaweka kodi (code) ya kutenganisha sin, cos na tan na kinachofuata, na juu ya jibu nikaweka mstari "Nimeelewa hivi:" unaoonyesha swali kama mashine ilivyolisoma. Ule mstari ndo kitu cha maana kuliko vyote humo ndani, na ndo uliokuwa rahisi kuandika.

Uliokoa tena kwenye e^x. Jibu lilikuja na neno Piecewise (jibu la vipande vipande) na masharti kibao, kumbe e yangu inachukuliwa kama herufi yoyote tu, sio ile 2.718. Kwenye local_dict, orodha ya kuiambia parse_expr kila jina lina maana gani, nikaandika 'e': E, ikatulia.

Nikaongeza ukaguzi pia, jibu likitoka programu inalidiferenshieti (kinyume cha kuintegreti), halafu inafanya minus swali la mwanzo, ikipata sifuri inaweka rangi ya kijani. Isipopata sifuri haimaanishi jibu ni baya, wakati mwingine simplify, ile ya SymPy ya kurahisisha hesabu, imeshindwa tu kulainisha, kwa hiyo hapo naweka njano, sio nyekundu.

Kuganda nako kulinitesa, swali likiwa gumu dirisha zima linakufa mpaka hesabu iishe. Dawa ikawa kuipeleka hesabu kwenye thredi yake (ifanyike pembeni bila kulizuia dirisha) na Tkinter inachungulia kila baada ya muda, kwa after, kama jibu limefika. Na ukiipa x^x, SymPy inakurudishia Integral(x**x, x) vilevile ulivyoipa, hapo nacheki tu kama jibu lina Integral ndani naandika "Imenishinda".

Siku namkabidhi akajaribu maswali kama kumi hivi, yote kijani, mimi nasubiri sifa. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kaka, C iko wapi? Mwalimu anakata maksi."

SymPy haiweki C, ile namba isiyojulikana inayoongezwa mwishoni mwa jibu la integresheni. Nikaongeza " + C" mwishoni mwa lebo, nikamwambia rudia sasa.