Nilivyokifufua kidude changu cha ratiba na ramani, na jinsi Jumanne ilivyonidanganya

Nimehesabu: watu kumi na mmoja wameniambia nikitupe. Wa kwanza alikuwa mwanangu, wa mwisho fundi simu aliyekishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. "Mzee, simu yako inafanya haya yote." Najua. Simu yangu inafanya haya yote, na bado kidude hiki ndicho kilichonizungusha kwa wateja tangu Mei 2024, kinanikumbusha miadi, na kioo chake kinasomeka kwenye jua kali la saa saba mchana, wakati simu naifunika kwa kofia ndipo nione kitu.

Kwa wasiovikumbuka: kabla simu hazijameza kila kitu, kulikuwa na kompyuta ndogo za kiganjani za kutunzia anwani, miadi na maandishi, zenye kalamu ya kugusia kioo. Mwaka 2003 Garmin wakatoa iQue 3600, kitunza ratiba chenye mfumo wa Palm kilichokuwa na kipokezi cha GPS, yaani mawimbi ya setilaiti yanayoonyesha mahali ulipo, ndani kwa ndani na antena ya kukunjua mgongoni. Wengine wakafuata. Changu ni cha hao waliofuata, kinatumia mfumo endeshi wa Windows Mobile 2003, na kampuni yake siitaji kwa sababu muda si mrefu nitaanza kulalamika.

Nilikikuta kwenye sanduku la nyaya. Betri ilikuwa imevimba. Nikatafuta nyingine, sikumbuki vizuri bei, tuseme chakula cha mchana cha watu wawili, watatu kama mmoja ni mlaji. Kadi ya kumbukumbu nayo ilinichezea jioni nzima. Nilinunua mpya ya gigabaiti 32, nikaichomeka, kimya. Nikaifuta upya mara nne kwenye kompyuta, kimya. Kumbe kadi kubwa za siku hizi, za aina ya SDHC, zilianza 2006, na kidude cha kabla ya hapo hakizijui kabisa. Kadi ya gigabaiti 1 kutoka kamera mbovu ikaingia na kusomwa papo hapo. Nikaweka ramani, nikafungua programu, hayo mnayajua.

Basi, setilaiti. Hapa ndipo nilipopewa ushauri wa hovyo kuliko wote maishani mwangu, na naomba niuorodheshe kwa hasira. Fundi alisema antena imekufa. Jirani akasema Wamarekani huvuruga mawimbi makusudi ili raia wasipate vipimo sahihi. Kweli walikuwa wakifanya hivyo, lakini waliacha mwanzoni mwa Mei 2000, na habari hiyo bado haijamfikia. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenipotezea siku mbili, akasema: "Tembea nacho tu, kitashika chenyewe." Nikatembea. Nimetembea nacho barabarani mkono umenyooshwa mbele kama mtu aliyebeba kibatari kwenye upepo, watoto wakinifuata nyuma. Kikashika setilaiti moja, kikaiacha. Kikashika mbili, kikaziacha.

Kutembea ndiko kulikokuwa kukiharibu. Setilaiti ipo juu kilomita 20,200 hivi, na inatuma maelezo yake polepole mno, biti 50 kwa sekunde, na biti moja ni sifuri au moja tu. Maelezo ya njia yake yenyewe hurudiwa kila nusu dakika; ukipita chini ya mti katikati ya maelezo hayo, kipokezi cha zamani kinasubiri yaje tena. Orodha ya setilaiti zote, ile inayoitwa almanaka, inachukua dakika 12 na nusu kushuka yote. Simu haina taabu hiyo kwa sababu inaletewa maelezo kupitia mtandao, ndiyo maana inajidai. Kidude kilicholala sandukuni miaka kumi na kitu hakijui setilaiti ipi iko wapi. Kinaanza upofu.

Nikapindua ndoo katikati ya uwanja usio na mti wala ukuta, nikakunjua antena ikalala bapa ikitazama mbingu, nikakiweka juu ya ndoo, nikaondoka. Chai, vikombe viwili. Niliporudi vijiti vya setilaiti vilikuwa sita, na mahali nilipo pameandikwa. Sikupiga kelele, lakini nilimpigia fundi simu.

Ningekomea hapo ningekuwa mtu mwenye raha. Lakini mimi sikutaka dira tu, nilitaka nusu zote mbili: miadi na ramani ndani ya kitu kimoja. Na hizo nusu mbili, ndugu zangu, hazielewani.

Jumatatu usiku, tarehe 13 Mei, niliingiza miadi ya wiki nzima, kila mmoja na alamu yake. Nikajaribu mmoja wa uongo wa dakika tano mbele, ukalia vizuri. Jumanne asubuhi nikakunjua antena, nikaenda kwa mteja wa kwanza, nikafika bila kuuliza njia, kifua mbele. Mteja wa pili alikuwa saa nane mchana. Saa nane ikapita. Saa tisa akapiga yeye, na maneno aliyoniambia si ya kuandika. Nikatoa kidude mfukoni: juu ya kioo kimeandika Jumanne, na saa ni sahihi hadi sekunde. Alamu ndiyo haikulia. Nikadhani spika.

Nikafungua kwa bisibisi, nikasafisha spika. Usiku alamu ikalia. Jumatano, mchana, kimya. Kidude kimeandika Jumatano, na kweli ni Jumatano.

Mtu wa nane katika wale kumi na mmoja akanishauri nikirudishe kama kilivyotoka kiwandani. Nikamsikiliza, Mungu anisamehe. Mashine za Windows Mobile 2003 zinaweka karibu kila kitu kwenye kumbukumbu inayoishi kwa umeme wa betri. Ukizifuta hivyo, au chaji ikikata kabisa, vyote vinakwenda: anwani, miadi, programu ulizoongeza. Kasoro hiyo iliondoka na toleo la 5 mwaka 2005, mimi ninacho cha kabla. Nikaingiza upya anwani sitini na kitu kwa kalamu, herufi moja moja. Tangu siku hiyo kila Ijumaa natoa nakala ya vyote kwenye kadi, hata kama kuna msiba.

Alhamisi, alamu kimya tena.

Kilichoniokoa ni uvivu. Nilikuwa nimeketi nataka kuingiza miadi mpya, na badala ya kuandika tarehe nikagusa tu kitufe cha leo. Kalenda ikafunguka Septemba. Septemba 2004. Nikatazama juu: Alhamisi. Nikatazama chini: 30 Septemba 2004, Alhamisi. Siku zote hizo nilikuwa nasoma jina la siku na saa, tarehe siitazami, nani anatazama tarehe? Alamu zangu zilikuwa zimewekwa miaka karibu ishirini mbele, zinasubiri kwa adabu zamu yao ifike.

Nikarekebisha tarehe. Ikakaa sawa usiku kucha. Asubuhi nikakunjua antena, dakika chache baadaye tumerudi Oktoba 2004. Nikaikunja, nikarekebisha, nikaikunjua: Oktoba 2004. Kwa hiyo mwizi anatoka mbinguni!

Nikachukua karatasi nikahesabu siku kutoka 28 Septemba 2004 hadi 14 Mei 2024, ile Jumanne ya aibu. Zikaja 7,168. Nikagawanya kwa saba kwa sababu sikuwa na la kufanya: wiki 1,024 kamili, bila baki hata siku moja. Mtu yeyote aliyewahi kuchezea kompyuta akiiona 1,024 anajua hiyo si bahati mbaya.

GPS inahesabu wiki tangu 6 Januari 1980, na katika ujumbe wa asili wa setilaiti namba ya wiki imepewa nafasi ya biti kumi tu. Inakwenda 0 hadi 1,023, kisha inarudi 0, kama mita ya gari iliyozunguka. Ilirudi mara ya kwanza Agosti 1999, mara ya pili Aprili 2019. Kidude kilichotengenezwa 2004 hakikufundishwa ile mara ya pili. Kikiletewa wiki ya 266 kinahesabu kutoka 1999. Na kwa sababu kosa ni la wiki kamili, jina la siku halibadiliki kamwe. Mahali pia hapaharibiki, kwani hesabu yake inategemea muda ndani ya wiki, sio wiki ipi. Ndiyo maana nilikuwa nafika sawasawa na Jumanne ikiwa Jumanne, huku nusu nyingine ya kidude ikiishi enzi nyingine.

Dawa ilikuwa alama moja ya tiki. Kwenye programu ya ramani, ukurasa wa nne wa mipangilio, chini kabisa, kulikuwa na kisanduku cha kulinganisha saa ya kidude na ya setilaiti. Nikatoa tiki. Basi. Siku nne, mteja mmoja, anwani sitini na kitu, kwa tiki moja. Ukipata kidude cha namna hii, hata kabla ya kukiweka juu ya ndoo, tafuta kisanduku hicho.

Sasa sehemu ninayojivunia. Kila mteja, kwenye nafasi ya maelezo chini ya namba yake ya simu, nimeandika latitudo na longitudo ya mlango wake, niliyoichukua mwenyewe nikiwa nimesimama pale. Alamu ikilia nagusa jina, nanakili namba, nabandika kwenye ramani. Ramani yenyewe ni ya 2005 na barabara nusu hazimo, lakini mlango haujahama. Angalizo moja: mteja mmoja alinitumia namba zake mwenyewe, digrii na dakika 30, nami nikaandika nukta 30. Dakika 30 ni nusu digrii, yaani nukta 5. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi, kwa hiyo nilikwenda kilomita 22 nje ya njia, na kidude kikanitangazia kwa sauti ya furaha kwamba nimefika. Nilikuwa katikati ya shamba la mtu.

Na ukisimama usiuamini mshale. Hauna sumaku, unajua uelekeo kutokana na mwendo tu. Ukitulia unazunguka kama mlevi. Piga hatua ishirini kwanza, ndipo uutazame.

Kumbukumbu za safari programu inaziandika kwa tarehe ya setilaiti na sijapata njia ya kuizuia, wala sihangaiki. Juzi mwanangu, yule wa kwanza katika wale kumi na mmoja, alizifungua akatazama safari yangu ya wiki iliyopita, akaniuliza nilikwenda vipi kwa mteja huyo mwaka ambao yeye alikuwa bado hajazaliwa.