Kalamu mbili

Mtoto wa dada yangu ana tetekuwanga, tumempaka kalamaini mpaka kawa kama mzimu, jana usiku kaniuliza, "Mjomba, nikipona huyu mdudu anaenda wapi?" Nikamwambia lala. Ningemjibu nini, maana ukweli haendi popote, anajificha kwenye mishipa ya fahamu anatulia miaka na miaka, siku akiamka anakuja na jina jingine, mkanda wa jeshi, na wangu mimi aliamkia usoni.

Ilianza na malengelenge paji la uso upande wa kushoto mpaka ncha ya pua, na daktari alipoiona hiyo pua ndo akabadilika sura, kumbe mshipa unaofika pale unapitia kwenye jicho. Nikapewa asaikloviri, vidonge vya kupambana na hicho kirusi, nimeze mara tano kwa siku. Ukimwi nikapima pia, sina, ila pale mtaani Ngamiani walishanipima wenyewe na majibu walishayatoa.

Vidonda vikakauka nikajua yameisha. Asubuhi moja natoka barabarani naona bodaboda mbili zinakuja sambamba, abiria wote wawili shati moja, mfuko mmoja wa mkaa. Nikarudi kwa daktari nimeshikwa mkono.

"Kichwa usigeuze, fuata kalamu kwa macho tu." Akaipeleka kulia, kalamu moja, safi. Katikati ikaanza kuota pacha. Kushoto zikaachana kabisa, kalamu mbili za bluu, zote zina kifuniko kilichotafunwa na alama za meno nazihesabu kwenye zote mbili. "Ngapi?" Mbili. Akaniziba jicho la kushoto kwa kiganja. "Ipi imepotea?" Ya huku nje. "Ndo hiyo ya uongo," akasema, akairudisha mfukoni. Akanieleza kuna mshipa wa fahamu, wa sita kwa hesabu zao, kazi yake ni moja tu, kulivuta jicho kwenda nje, na wangu kirusi kaugusa. Utarudi wenyewe, nipe miezi, kwa sasa ziba jicho moja.

Plasta nilikuwa navumilia nyumbani tu. Nje nikagundua nikigeuza uso kushoto vitu vinarudi kuwa kimoja, basi nikawa mtu wa kuangalia watu kwa pembeni mtaa mzima, mama ntilie wa pale kona akanuna akaacha hata kuniitikia salamu. Shangazi yeye alishaamua nimetupiwa kijicho, kila Ijumaa analeta kombe, yale maji yaliyooshea aya za Kurani, kwenye bakuli, "Kunywa baba, usibakishe."

Jicho likarudi polepole, vya karibu kwanza halafu vya mbali. Mpaka leo shangazi anahesabu ni kombe, daktari alisema litarudi lenyewe, na vile vidonge navyo viko hapo katikati. Nikibisha naonekana sina shukrani, na sijui hata ningekuwa nabisha nini. Ila yule mama ntilie bado kaninunia.