Usubi ndani ya sandarusi

Jana shemeji alikuja na kopo la Brasso kusugua vifundo vya shaba vya mlango wa mbele. Harufu ilipofika jikoni nikaacha vitunguu kwenye kinu, nikaenda kusimama karibu yake. Hakuelewa nimefuata nini. Nilikuwa nimemkumbuka mzee wa Reading, Uingereza, niliyekuwa namhudumia nyumbani kwake, ambaye asingeruhusu Brasso isogee hata chumba kimoja na hadubini yake. Shaba ile ina vanishi nyembamba juu, alinieleza, imepakwa na fundi enzi za Malkia Victoria. Ukiisugua inatoka, na ikitoka hairudi. Kitambaa laini kikavu, basi.

Zamu zangu kwake zilikuwa za asubuhi: kumwogesha, dawa, chai na mkate. Siku aliyojua kwamba nyumbani nilikuwa mtu wa maabara, nasoma slaidi za damu (BS) za malaria Bagamoyo, alinitazama kwa muda kisha akaniomba nipande juu nikateremshe sanduku la mahogani. Zito kweli kweli. Nikaliweka mezani dirishani, akalifungua mwenyewe kwa ufunguo aliokuwa ameufunga kwenye mnyororo wa saa.

Ilikuwa hadubini ya Ross, watengenezaji wa London. Mirija miwili, mmoja umesimama wima na wa pili umelala pembeni, inakutana chini mithili ya panda la manati. Nami nikajua nitazame wapi kwanza: kwenye droo. Kila lenzi ndani ya kikopo chake cha shaba, kifuniko kimechongwa nguvu yake kwa inchi, kama walivyozihesabu zamani: inchi 2, inchi 1, robo inchi. Koleo dogo la kumshikia mdudu. Kisanduku cha kioo cha kumbana kiroboto akiwa hai bila kumponda. Kikombe cha fedha kinachovalishwa lenzi ili kitu kisichopitisha mwanga kimulikwe kutokea juu. Vipande viwili vya kalisaiti, madini angavu kama kioo, ndani ya vishikizo vya shaba. Ukiviweka kimoja chini na kimoja juu, kila chembe ya wanga wa viazi inaonyesha msalaba mweusi. Hakuna kilichopotea. Watu wanaojua vitu hivi wanasema ni nadra. Hadubini hubaki, vikorokoro vyake vikatawanyika.

Akachagua slaidi moja, imezungushiwa karatasi yenye maua, wino wa maandishi yake umefifia ukawa wa kahawia. Nikasoma: sandarusi, Zanzibar. Ni utomvu wa mti ulioganda ukawa mgumu, na ndani yake alikuwa amenaswa usubi.

Nikainama. Mwanzo niliona duara mbili, akanielekeza nizungushe kitufe kinachopandisha mirija hadi umbali wa macho yangu ulingane. Duara zikaungana. Na hapo, wenzangu wa maabara, nisikilizeni. Hadubini zetu za kazini zina macho mawili pia, lakini macho yote mawili yanaletewa picha ile ile moja, ndiyo maana damu tunaiona imelala bapa. Hii ilibuniwa na Francis Wenham, mhandisi Mwingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1860. Aliweka kipande kidogo cha kioo nyuma ya lenzi, kikafunika nusu yake: mwanga wa nusu moja unakwenda mrija wa wima, wa nusu nyingine unakatiza kwenda mrija wa pembeni. Kila jicho linaona kwa upande wake.

Basi yule usubi alikuwa na kina. Alikuwa amezama katikati ya rangi ya asali, mguu mmoja umenyooka kuja kwangu, mwingine umekunjwa huko chini kabisa, na kati yake nafasi ambayo ningeweza kuipima. Ubawa mmoja ulikuwa umeinama, na nyuma yake, si kando, nyuma yake, kiputo cha hewa. Miaka yote ya kutazama kwenye lenzi sikuwahi kuona *nyuma* ya kitu. Nilisogeza slaidi kidogo, nikarudisha, nikasogeza tena. Chai ya mzee ilipoa, hakulalamika.

Nilipoinua kichwa nikamwambia: hii si ya Unguja. Ilipitia Unguja tu sokoni. Sandarusi ilichimbwa bara, kwetu, Bagamoyo hadi kusini Kilwa, kwenye udongo ambao miti yake ilishakufa zamani, ikasafirishwa Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Babu yake bibi yangu aliichimba.

Akauliza waliochimba waliitwaje. Wazaramo, nikasema, kwa upande wetu. Akaniomba niandike kwenye karatasi kwa mkono wangu, akaikunja, akaiweka kwenye droo chini ya slaidi. Kisha akasema, "Au uichukue uende nayo."

Nikakataa. Nilimwambia ikae na vyenzake, maana ikitoka hapo nitaitazama kwa kifaa gani? Alikubali, au alichoka.

Alifariki majira ya baridi. Mwanawe alikuja, vitu vikaenda mnada, sanduku likiwamo. Mimi nilikuwa nimeshapangiwa nyumba nyingine.

Mume wangu anasema kitu cha kwetu kilipopewa nafasi ya kurudi kilipaswa kurudi, na siku nyingine namwona ana haki. Siku nyingine naona kwamba hapa kingekuwa kipande cha kioo kabatini, na kule angalau kuna mtu atakayeona nyuma ya ule ubawa, na pengine ataikunjua karatasi yangu asome jina la Wazaramo. Hatujamaliza mjadala huo. Shangazi yangu wa Kaole anasema mashimo ya wachimbaji anayajua yalipo, nyuma ya mikorosho, na mguu wake ukipona atanipeleka. Nimemwambia nitakuja na jembe.