Sentensi Ishirini za Kesho: Nilivyofundisha Kiingereza Nchini Rwanda

Januari 2013 nilivuka daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera, nikitoka Tanzania nikiwa na begi moja, vyeti vyangu vya ualimu na mkataba wa kufundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi wilayani Ngoma, mashariki mwa Rwanda. Ng'ambo ya pili basi lilihamia upande wa kulia wa barabara, nami nikarudisha saa yangu nyuma kwa saa moja. Nilidhani mengine yote yangekuwa ya namna hiyo, ya kurekebishwa siku ya kwanza yakaisha.

Shuleni nilikuta jambo zito zaidi. Mwezi Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri la Rwanda lilikuwa limeamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia, mwaka mmoja baada ya nchi hiyo kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 2011 madarasa matatu ya mwanzo yalirudishiwa Kinyarwanda, na kwa hiyo mtoto aliyefika darasa la nne alikutana na Kiingereza katika hisabati, sayansi na maarifa ya jamii kwa mara moja. Mkasa huo niliutambua upesi, kwa sababu nami nilisoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, kisha mwaka 1999 nikaingia kidato cha kwanza ambako mwalimu wa baiolojia alizungumza dakika 40 nami nikaambulia jina lake tu.

Pamoja na kuukumbuka mkasa huo, muhula wa kwanza nilifundisha vibaya. Niliandika ubaoni jedwali la nyakati za vitenzi, nikasoma, na watoto wakaitikia kama kwaya. Kwa kuwa shule ilikuwa na zamu mbili, moja ya asubuhi na nyingine ya mchana, kosa langu nililifanya mara mbili kila siku. Kisha mtoto mmoja akaandika kwenye daftari: "I will come yesterday." Nilimsahihisha kwa wino mwekundu, na wiki iliyofuata wakaandika hivyo wanne. Ni mama mwenye nyumba niliyopanga, aliyekuwa ameishi Karagwe miaka mingi na kuzungumza Kiswahili kisafi kuliko changu, aliyenifumbua macho: katika Kinyarwanda neno "ejo" ni jana na pia ni kesho, na kitenzi ndicho kinachoonyesha ni ipi. Mtoto alikuwa ametafuta "ejo" katika kumbukumbu yake ya Kiingereza akapata maneno mawili, akachagua moja.

Tangu hapo nilianza kujifunza Kinyarwanda kwa bidii, na nikaona jinsi kilivyo jirani wa karibu. Saa wanazihesabu kama sisi, saa moya, saa mbiri, saa tatu, kuanzia asubuhi. Aliyeandika "I have ten years" alikuwa amesema "mfite imyaka icumi", ambayo ni "nina miaka kumi" yetu wenyewe, na Kifaransa nacho husema hivyo hivyo; Kiingereza ndicho kilichojitenga na wenzake watatu. Niliacha kuita jambo hilo kosa, nikaliita njia tofauti, na watoto wakaacha kuogopa kusema. Herufi "r" na "l" zilinipa kazi kubwa zaidi. Wao waliniita "mwarimu", wakala "lice" badala ya "rice", na mimi, Msukuma niliyechekwa chuoni kwa kusema "balabala", sikuwa na haki ya kumcheka mtu. Tulifanya mazoezi pamoja mbele ya ubao, na niliwaambia wazi kwamba hata mwalimu wao bado anajifunza.

Hata hivyo saa zangu za somo la Kiingereza zilikuwa chache, na siku nzima ya mtoto ilikuwa mikononi mwa walimu wengine. Mwalimu wa hisabati, mzee aliyekuwa amefundisha kwa Kifaransa zaidi ya miaka 20, aliniambia jioni moja kwa Kiswahili alichookota sokoni Bujumbura: "Mwarimu, watoto wananicheka, na wao wenyewe hawajui wanachocheka." Alikuwa amepata mafunzo ya muda mfupi wakati wa likizo na alikuwa na kitabu cha sarufi, lakini kesho saa mbili alitakiwa kufundisha pembe.

Nikamwomba anipe andalio lake la somo la kesho. Tuliweka sarufi pembeni, tukaandika sentensi 20 tu ambazo angezihitaji: chora mstari, pima pembe hii, ni nyuzi ngapi, nani amepata jibu tofauti, njoo ubaoni. Upande wa kushoto wa daftari aliandika Kinyarwanda, upande wa kulia Kiingereza, kisha zamu ya mchana ilipoondoka akasimama katika darasa tupu, chaki mkononi, akanifundisha mimi pembe. Palipomshinda ni tarakimu, kwa sababu kichwani alihesabu kwa Kifaransa, hivyo kila alipofika 90 alisimama kidogo kama mtu anayeruka mtaro. Kila siku tulianza kwa kuhesabu kuanzia 70 hadi 100.

Katika mwezi wa pili wa mazoezi hayo walikuja walimu wengine watatu. Mkuu wa shule alilalamika kwamba tunachelewa kufunga madarasa, akaja kutazama, na baadaye akaleta daftari lake mwenyewe. Si wote waliokuja. Mwalimu mmoja wa sayansi aliendelea kufundisha kwa Kinyarwanda mlango ukiwa umefungwa, na sikumlaumu, kwani watoto wake walielewa sayansi. Watoto wa darasa la nne hawakugeuka wasemaji hodari ndani ya mwaka, lakini katika hisabati walianza kuuliza maswali kwa Kiingereza kibovu, na kwangu swali bovu lilikuwa na thamani kuliko kwaya safi.

Nilipomaliza mkataba Novemba 2015, yule mzee alikuwa amejaza madaftari matatu. Nilimwomba lile la kwanza niondoke nalo kama kumbukumbu, hata kwa kulinunua. Alilifunga, akalitia kwapani, akasema haliuzwi, kwa kuwa Januari angeanza tena na pembe.