Patrick wawili

Mzee ninayemtunza hapa Galway, Ireland, ana miaka 86, na baridi hii alishikwa na hamu moja tu: kumjua baba ya babu yake. Mimi nikawa macho yake, maana maandishi ya kompyuta hayaoni tena.

Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Ulaya, si kila kitu kimeandikwa? Kumbe! Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, ghala la kumbukumbu pale Four Courts, Dublin, liliteketea na karibu sensa zote za 1821 hadi 1851. Za 1881 na 1891 serikali yenyewe ilizigeuza karatasi taka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Tulianzia za 1901 na 1911, ambazo ziko mtandaoni bure.

Babu yake, Patrick, tulimpata. Mwaka 1901 ana miaka 57. Mwaka 1911 ana 71. Nikaona nimefungua ukurasa wa mtu mwingine, lakini mke ni yule yule, nyumba ile ile, na badala ya saini ameweka alama ya msalaba. Mzee akacheka mpaka akapaliwa. Pensheni ya uzeeni ilianza kulipwa Januari 1909, kwa waliotimiza miaka 70. Wee, watu walizeeka haraka!

Kabla ya 1864 serikali haikuwa ikisajili watoto wanaozaliwa, kwa hiyo ikabidi tugeukie daftari za ubatizo za parokia za Kikatoliki, ambazo Maktaba ya Taifa imeziweka mtandaoni. Kilatini, wino umefifia, mwandiko wa padri kama kuku aliyeparura. Tulikaa nazo jioni tatu. Tukapata Patricius wawili wa ukoo mmoja, wamepishana miezi mitano: mmoja mwana wa John, mwingine wa Martin. Mzee akavua miwani, akasema basi, tulale.

Nikamuuliza, kifungua mimba wa babu yako aliitwa nani? Hakumbuki. Tukarudi kwenye sensa ya 1901: Martin, miaka 22.

Nikamwambia basi, Patrick wetu ni yule mwana wa Martin. Kwetu Murang'a mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba, wa pili la baba ya mama. Akanitazama. Kwao pia, akasema, zamani ilikuwa hivyo hivyo. (Kwa wasichana tunaachana kidogo: wa kwanza kwao alichukua jina la mama ya mama.)

Desturi si ushahidi, najua. Kwa hiyo tukafungua orodha ya Griffith, ile ya kukadiria kodi za ardhi iliyotolewa kati ya 1847 na 1864. Kwenye kitongoji cha babu hakuna John wa ukoo ule. Martin yupo, mpangaji, ana nyumba na kipande cha shamba.

Mzee alinyamaza kitambo, kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Na wewe jina lako ni la nani?"

"La baba ya mama," nikamjibu. "Mimi ni wa pili."