India na visiwa vidogo vya bahari yetu

Kila ikitajwa India na China kugombania Bahari ya Hindi mazungumzo yanaishia kwa hao wakubwa wenyewe, nani ana manowari ngapi, nani kajenga bandari wapi. Wenye visiwa hata hawatajwi. Mi leo nataka niwaongelee hao, maana hii bahari ndo yetu pia, Ushelisheli na Komoro ni majirani zetu kabisa ingawa hatuna mazoea ya kuwawaza hivyo.

Machi 2015 waziri mkuu wa India Narendra Modi alizunguka Ushelisheli, Mauritius na Sri Lanka kwa safari moja. Pale Mauritius akakabidhi rasmi meli ya doria, Barracuda, imeundwa India, na akatangaza sera yake ya bahari, SAGAR, yaani usalama na maendeleo kwa nchi zote za ukanda huu. Sawa, sina tatizo na hilo. Ila safari ileile ilizaa makubaliano kuhusu visiwa viwili ambavyo wengi wetu hatujawahi hata kuvisikia, Assumption ya Ushelisheli na Agalega ya Mauritius, na kilichotokea baada ya hapo ndo kimenifanya niandike.

Assumption ni kisiwa cha matumbawe, kiko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mahé, kisiwa kikuu cha Ushelisheli, jirani yake ni Aldabra yenye makobe makubwa zaidi ya laki moja, UNESCO wameiweka kwenye urithi wa dunia. India ilitaka kujenga gati pale, kukarabati uwanja wa ndege na kuweka nyumba za walinzi wa pwani. Makubaliano yakarekebishwa na kusainiwa upya Januari 2018, wananchi hawajaonyeshwa maandishi. Machi mkataba ukavuja mtandaoni, watu wakausoma wenyewe neno kwa neno, wakaingia barabarani Victoria, mji mkuu wao, na mabango yao. Bunge lilikuwa mikononi mwa upinzani uliokuwa ukiongozwa na Wavel Ramkalawan na wao wakasema hawauridhii, mwisho wa siku, mwezi Juni, rais Danny Faure akatangaza kwamba hata kuupeleka bungeni hataupeleka. Nchi ya watu laki moja hivi ikaiambia hapana nchi ya watu zaidi ya bilioni moja! Na wala urafiki haukufa, mwezi huohuo wa Juni Faure alikuwa Delhi na akaahidiwa mkopo wa dola milioni 100, halafu Januari 2021 India ikawapelekea chanjo za korona dozi 50,000 wakati nchi nyingi za Afrika bado tunasubiri.

Agalega ikawa kinyume. Visiwa viwili, watu 300 hivi, maisha yao ni nazi na samaki. Serikali ya Pravind Jugnauth, waziri mkuu wa Mauritius wakati huo, haikuuweka mkataba hadharani, ujenzi ukaendelea, na tarehe 29 Februari 2024 yeye na Modi wakazindua kwa video njia ya kurukia ndege yenye urefu wa mita 3,000 pamoja na gati jipya. Jugnauth siku zote alikanusha kwamba ni kambi ya jeshi. Lakini mita 3,000 kwa watu 300 jamani, mtu wa pale akiuliza hii ni ya nani anakosea wapi? Wenyewe walikuwa wanahitaji usafiri kweli, mjamzito alikuwa anasafirishwa mpaka Mauritius kwenda kujifungua, kwa hiyo si watu wa kukataa maendeleo. Wanachoogopa ni yaliyotokea visiwa vya Chagos. Kati ya 1968 na 1973 Uingereza iliwahamisha Wachagosi wote, kisiwa chao kikubwa cha Diego Garcia kikawa kambi ya jeshi la Marekani, na wao wakaenda kutupwa Mauritius na Ushelisheli. Waagalega wanaishi nchi moja na hao watu, wanayajua yote.

Maldives nayo watu wanaisema vibaya bila kuielewa. Mohamed Muizzu alishinda urais Septemba 2023 akiahidi kuwaondoa wanajeshi wa India, na hawakufika hata mia, walikuwa wanahudumia helikopta mbili na ndege moja ya Dornier ambazo kazi yake kubwa ilikuwa kubeba wagonjwa kutoka visiwa vya mbali. Wakaondoka kufikia Mei 10, 2024, wakaja mafundi wa kiraia wa India kuhudumia ndege zilezile. Oktoba Muizzu yuko Delhi, anapata mpango wa kubadilishana sarafu wa dola milioni 400, na Julai 2025 Modi ndo mgeni rasmi wa miaka 60 ya uhuru kwenye mji mkuu, Malé. Wengine wakamwita ndumilakuwili, mi nasema hapana. Desemba 2014 mtambo wa kusafisha maji ya bahari uliungua Malé, mji mzima ukakauka, India ikaleta maji kwa ndege na China nayo ikaleta. Nchi ambayo maji ya kunywa inayatoa baharini kwa mashine haiwezi kumnunia mtu muda mrefu, na wapiga kura wake walikuwa na haki ya kuuliza askari wa nchi nyingine wanafanya nini kwao, waliuliza na wakajibiwa.

Sasa jicho langu liko Komoro. Mwaka 2020 meli ya India, Kesari, iliwapelekea dawa na madaktari wakati wa korona. Septemba 2023 kule New Delhi, Umoja wa Afrika unapokaribishwa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, aliyekumbatiwa na Modi mbele ya kamera ni Azali Assoumani, rais wa Komoro aliyekuwa mwenyekiti wa umoja huo. Hata sisi Aprili 2025 tumefanya nao mazoezi ya kijeshi ya baharini Dar es Salaam, na Zanzibar wana tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, tangu 2023, hivyo hatuko mbali na haya mambo. Ikija siku Moroni, mji mkuu wa Komoro, wakaletewa karatasi ya gati au ya rada, natamani wabunge wao waisome kwa sauti, kwa Kikomoro, redio ikiwa inarusha, kabla mtu yeyote hajashika kalamu.